GB 6 za gemu na faili la kikoba: kisa cha laptopu moja ya Sakina

Aliyeniletea laptopu alikuwa mama wa makamo kutoka Sakina, hapahapa Arusha, na malalamiko yake hayakuhusu gemu hata kidogo. Alishuka kwenye kifodi, akavuka barabara begi amelikumbatia kifuani, akaliweka juu ya meza yangu. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hii kitu nilinunua kwa ajili ya hesabu za kikoba. Asubuhi haina neno. Jioni nikitaka kuandika michango, nabandika maji ya ugali, yanachemka, faili bado halijafunguka."

Asubuhi mzima, jioni mgonjwa. Fundi akisikia hivyo anawaza joto, anawaza umeme, halafu anawaza watoto. Nikamuuliza nani mwingine anaitumia. "Ni huyu wangu wa kidato cha tatu. Akitoka shule anafanyia kazi zake humo."

Kazi zake. Haya.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu visa vya namna hii vimeshapita mezani kwangu mara nyingi, na karibu vyote vimeanzia kwenye ushauri uleule: gemu likikwama, liongezee RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine. Ushauri huo si uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu vijana wangeshauacha zamani.

Mashine yenyewe ilikuwa mtumba wa ofisini, aina tunazoziona sana mjini: prosesa Core i5-5300U yenye viini viwili, RAM ya GB 8 kwa kijiti kimoja huku nafasi ya pili ikiwa tupu, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Upande wa michoro ina Intel HD Graphics 5500, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe. Inachota kwenye RAM hiyohiyo ya mashine. Hilo la mwisho liwekeni akilini, litarudi.

Nikaanza kwa kukosea. Nilipofungua mfuniko wa chini nikakuta feni imevaa blanketi la vumbi, lile vumbi letu jekundu la kiangazi linaloingia hadi kwenye kabati la vyombo. Nikasafisha, nikabadilisha pesti ya prosesa, nikaipa mzigo. Joto likashuka kutoka nyuzi 91 hadi 74. Nikajipongeza, nikampigia mama simu, akaja kuchukua, akalipa. Siku tatu baadaye akarudi. Safari hii hakuniita mwanangu, aliniita fundi.

Basi nikaomba chalii mwenyewe, yule wa kidato cha tatu, aje Jumamosi, pamoja na laptopu.

Alikuja, akaniamkia kwa adabu zote, akakaa pembeni ya meza kama mtu aliyeitwa ofisi ya nidhamu. Nikamwambia hakuna kesi, afungue tu gemu lake acheze kama anavyocheza nyumbani. Likafunguka Minecraft, gemu la ulimwengu wa vitofali, toleo la Java, 1.20.1, likiwa limepandishiwa modi 74, yaani nyongeza za kulibadilisha gemu, kwa kipandishio kiitwacho Fabric. Dakika za mwanzo lilienda vizuri. Halafu akiwa katikati ya kuruka bonde picha ikaganda. Si kukwama kidogo. Kuganda kabisa, sekunde moja, mbili, karibu tatu, huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa. Likaachia. Baada ya muda likaganda tena.

"Mwanzoni halikuwa hivi, kaka," akasema. "Lilikuwa linakwamakwama kidogokidogo, kila sekunde mbili hivi. Nikaona video, jamaa anasema weka Xmx6G. Nikaweka. Likawa freshi, ila ndiyo likaanza huku kuganda."

"Kabla ya hapo ilikuwa ngapi?"

"Mbili. Ile linalokuja nayo."

Hapa ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa makini, kwa sababu kwenye maneno yake kulikuwa na magonjwa mawili, si moja. Kukwamakwama kila sekunde mbili ni kitu kimoja. Kuganda kwa sekunde tatu huku diski ikihema ni kitu kingine kabisa. Dawa ya la kwanza ndiyo iliyoleta la pili.

Nikaingia kwenye lancha, ile programu ya kuliwashia gemu, kwenye mipangilio ya toleo lake, nikafungua chaguo za ziada na kusoma mstari wa hoja za JVM, yaani maagizo ambayo Java, mtambo unaoliendesha gemu, inapewa inapowaka. Mwanzoni palikuwa na -Xms6G -Xmx6G -XX:+AlwaysPreTouch, halafu msafara wa maneno mengine yaliyonakiliwa mahali. Herufi hizo zinasema hivi. Xmx ni ukomo: Java isivuke hapo katika kuhifadhi vitu vya gemu. Xms ni kianzio: ianze na kiasi hiki tangu inapowashwa. AlwaysPreTouch inaiamuru Java iguse kila ukurasa, yaani kila kipande kidogo, wa kumbukumbu hiyo wakati wa kuwaka, yaani isiishie kuweka nafasi tu, bali ikalie viti vyote kabla abiria hajapanda. Mpangilio huo una maana kwenye seva iliyonunuliwa kwa kazi hiyo moja, yenye RAM ya kumwaga na isiyo na mwanadamu anayefungua faili la kikoba. Kwenye laptopu ya familia ni sawa na kukodi basi zima kwa ajili ya kwenda sokoni peke yako, halafu wenzako wakatembea kwa miguu.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu Java yenyewe, maana bila hilo namba za mbele zitakuwa kelele. Lugha hii ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, na moja ya ahadi zake kwa waandishi wa programu ilikuwa kwamba hawatahangaika kurudisha kumbukumbu kwa mkono. Programu inaumba vitu na kuvitumia, ikimalizana navyo inaviacha palepale. Kuna mzoa taka ndani ya Java anayepita kutafuta vilivyotelekezwa na kuikomboa nafasi yao. Wazo hilo ni la zamani kuliko Java. John McCarthy alishalieleza mwaka 1960 alipoandika kuhusu lugha yake ya kompyuta, Lisp. Minecraft linaumba vitu vidogovidogo kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo mzoa taka hapumziki.

Tatizo ni kwamba kuna hatua ambazo mzoa taka hawezi kuzifanya watu wakiwa wanapita. Gari la taka likiingia kichochoro cha Ngarenaro, bodaboda inasimama, guta linasimama, mama mwenye ndoo anasimama, mpaka lipakie liondoke. Likipakia haraka hakuna anayekumbuka. Mzoa taka anayetumiwa na Java za siku hizi, aitwaye G1, ambaye ndiye chaguo la kawaida tangu Java 9 ya mwaka 2017, anajitahidi kusimama kwa muda mfupi. Mipangilio iliyokuja na lancha kwa toleo hili ilimwambia alenge milisekunde 50 kila anaposimama. Alenge, sijasema ni lazima azipate. Na kwa mchezaji, hesabu ni hii: gemu likienda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na ushee. Mzoa taka akisimamisha mtaa kwa milisekunde 20, jicho la kawaida halioni. Akisimamisha kwa 200 utaona. Akisimamisha kwa 2,800, chalii anarusha panya ya kompyuta kitandani.

Sasa, badala ya kubahatisha, nikaongeza hoja moja: -Xlog:gc*:file=gc-%t.log. Inaiamuru Java iandike kila uzoaji kwenye faili, na ile %t inaweka tarehe na saa kwenye jina ili kila gemu linapofunguliwa liwe na faili lake. Watu wengi wanaishia kubonyeza F3 ndani ya gemu na kutazama asilimia ya Mem, kumbukumbu iliyojaa, upande wa kulia wa skrini. F3 inafaa kwa kuchungulia, lakini ile asilimia inapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na mtu akiiona imefika 90 anaogopa bure. Kupanda ni kawaida. Cha kuangalia ni inaposhuka inashukia wapi, na inashuka baada ya muda gani.

Chalii akacheza dakika 20. Nikafungua faili. Kwenye kila mstari kuna namba ya kabla ya kuzoa, mshale, namba ya baada ya kuzoa, ukubwa wa pipa lote, yaani nafasi yote ambayo Java imeichukua kuhifadhia vitu vya gemu, kisha muda. Huu ulikuwa mmoja wa mistari ya wakati gemu lilipoganda:

4310M->1790M(6144M) 2874ms

Na chini yake, mstari wa matumizi ya prosesa:

User=0.11s Sys=0.05s Real=2.87s

Mistari hii miwili ndiyo kisa chote. Soma wa pili kwanza. Mzoa taka alifanya kazi ya prosesa kwa sekunde 0.16 tu, ukijumlisha zile mbili za mwanzo. Lakini kwa saa ya ukutani alitumia sekunde 2.87. Zile sekunde mbili na nusu na zaidi alikuwa wapi? Hakuwa anafanya kazi. Alikuwa amesimama dirishani anasubiri kuhudumiwa. Na kwenye laptopu yenye diski ya kuzunguka, anayechelewesha huduma ni mmoja.

Twende kwenye hesabu ya mfukoni. Mashine inaonyesha GB 7.9 zinazotumika. Windows na vitu vyake vya nyuma vilikula 2.4. Pipa la Java lilikuwa 6. Lakini Xmx si matumizi yote ya Java, na hili wengi hawalijui: nje ya pipa kuna maelezo ya madarasa ya programu, msimbo uliotafsiriwa, nyuzi za kazi, na maghala ya kupeleka picha kwenye michoro. Kwa gemu hili nilipima kama 0.8. Michoro ya Intel ikachota 0.5 nyingine. Jumla 9.7 kwenye mfuko wa 7.9. Zinazozidi ni 1.8, na Windows haisemi hapana; inachukua kurasa ambazo hazijaguswa hivi karibuni na kuzipeleka diski, kwenye faili la kurasa. Ni sawa na mwenye duka dogo anayehamishia bidhaa stoo ya mbali. Mteja akizitaka, mtoto anatumwa.

Sasa ona ubaya wake. Gemu linapocheza lenyewe halihitaji kila kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kurasa kadhaa zikienda stoo hakuna anayejua. Anayezigundua ni mzoa taka, maana kazi yake inampeleka kwenye sehemu za pipa ambazo gemu lenyewe halijazigusa kitambo, kufuata nani bado anatumika na nani katelekezwa. Kila akifika ukurasa ulioko stoo, mtoto anatumwa. Na akiwa njiani, mtaa mzima umesimama. Uzoaji na stoo ya diski ni vitu viwili visivyopaswa kukutana, na Xmx kubwa kupita uwezo wa mashine ndiyo inayovikutanisha.

Rudi kwenye mstari wa kwanza. Baada ya kuzoa zilibaki MB 1,790. Hicho ndicho gemu lilichokuwa linahitaji kweli ili liendelee kuishi. Lilipewa 6,144. Zaidi ya theluthi mbili ya pipa lilikuwa la kujaza taka tu kabla ya kumwaga, na nafasi hiyo ya kujazia taka ilikodiwa kwa kuwafukuza wengine waende diski. Faili la kikoba lilikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Hata chalii akifunga gemu saa moja usiku na kumpisha mama yake, Java inarudisha kumbukumbu mara moja, lakini vilivyopelekwa stoo havirudi vyenyewe kwa mkupuo. Vinarudi kimojakimoja vinapoitwa, na mwitaji ni mama aliyebandika maji ya ugali. Asubuhi mashine inawashwa upya, haina historia hiyo, inaenda vizuri. Hapo ndipo lile fumbo la asubuhi mzima jioni mgonjwa lilipoisha, na mimi nikakumbuka kwa aibu kwamba nilishalipwa kwa kusafisha feni.

Kulikuwa na kichocheo kingine nusura nikipite. Chalii alikuwa amepakua programu ya kusafisha RAM, ile yenye kitufe cha roketi. Aliibonyeza kila gemu lilipoganda. Kinachofanywa na programu nyingi za aina hiyo ni kuiambia Windows ipokonye programu zilizo wazi kurasa zao. Namba ya RAM iliyo huru inapanda, moyo unatulia, halafu sekunde kumi baadaye kila programu inaanza kudai vitu vyake. Niliiondoa bila kumuomba ruhusa.

Sasa ingekuwa rahisi kurudisha GB 2 za mwanzo na kumwambia aache kufuata video. Mafundi wengi wangefanya hivyo, na chalii angerudia 6 siku hiyohiyo, kwa sababu 2 kweli zilikuwa zinakwama. Nikazirudisha ili nione alichokuwa anakiona. Faili likajaa mistari ya namna hii:

1893M->1722M(2048M) 46ms

Tena na tena, karibu kila sekunde moja na nusu. Ona mambo mawili. Muda wa kusimama ni mdogo, na kile kipimo cha User na Real vinakaribiana, maana yake diski haihusiki. Lakini kinachobaki ni 1,722 kwenye pipa la 2,048. Mzoa taka anazoa, anapata MB 171, gari linaondoka, na kabla halijafika kona pipa limejaa tena. Mara mbili tatu alizidiwa kabisa akalazimika kufanya uzoaji mkubwa wa kupanga pipa zima upya, na kila mmoja ulichukua karibu sekunde nzima. Kwa hiyo chalii hakuwa na kichaa. Gemu lake lilikuwa kubwa kuliko pipa la 2. Kosa lake lilikuwa kuruka kutoka mbili hadi sita bila kupita katikati, na bila kuuliza kwa nini gemu limekuwa kubwa hivyo.

Nikauliza mimi. Nikafungua mipangilio ya picha. Umbali wa kuona: 20.

Ulimwengu wa Minecraft umekatwa kwa chanki, viguzo vya mraba wenye vitofali 16 kwa 16, na tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 kila kiguzo cha ulimwengu wa kawaida kina urefu wa vitofali 384. Umbali wa kuona wa 20 maana yake ni chanki 20 kila upande na ile unayosimamia: 41 kwa 41, yaani 1,681. Ukishusha hadi 10, inakuwa 21 kwa 21, yaani 441. Umegawanya umbali kwa mbili, lakini mzigo umeugawanya karibu kwa nne. Tena, hata ukicheza peke yako, tangu toleo la 1.3 la mwaka 2012 gemu linaendesha seva ndogo ya ndani kwa ndani, kwa hiyo kuna upande unaochora ulimwengu na upande unaousimamia, wote ndani ya Java moja, wote wakila kwenye pipa moja.

Chalii alikataa kidogo. "Nikishusha hadi 10 siioni ile milima ya nyuma." Mtoto wa Arusha, mlima wa nyuma ni haki yake, hata mimi asubuhi Meru ikiwa imefunikwa na mawingu najisikia kama mji umehamishwa. Tukakubaliana 10, na akilini mwangu nilikuwa tayari kupanda hadi 12. Umbali wa kusimamia, ambao tangu 1.18 unapangwa peke yake, tukauweka 6. Modi 74 tukazipitia pamoja. 19 hakujua zinafanya nini, tukaziondoa, na mbili za kupunguza mzigo, Sodium na FerriteCore, tukaziongeza. Ya kwanza inachora kwa akili zaidi, ya pili inabana matumizi ya kumbukumbu.

Kinachobaki baada ya kuzoa kikashuka hadi MB 1,130 hivi. Hapo ndipo swali la Xmx linapopata jibu, na kwa maoni yangu halipati jibu kabla ya hapo. Mimi hutumia kipimo cha jikoni: chukua kinachobaki, kizidishe kwa mbili na nusu, kisha angalia kama mfuko unatosha. 1,130 mara mbili na nusu ni kama 2,800. Nikaandika -Xmx3G. Nikaondoa Xms ya 6, nikaondoa AlwaysPreTouch, nikafuta ule msafara wote wa nyuma na kurudisha hoja za kawaida za lancha.

Hesabu upya: 2.4 za Windows, 3 za pipa, 0.8 za nje ya pipa, 0.5 za michoro. Jumla 6.7. Zinabaki 1.2, ambazo Windows inazitumia kuweka karibu mafaili yanayosomwa mara kwa mara. Faili la uzoaji likasoma hivi:

2480M->1136M(3072M) 22ms

Kila baada ya sekunde nane hadi kumi. Chalii akaruka bonde lilelile. Akaruka tena. Akaniangalia.

Nilijaribu na 4G pia, kwa ajili ya wale watakaosema nimembania. Uzoaji ukawa wa nadra zaidi, kila sekunde 13 hivi, lakini muda wa kusimama ulikuwa uleule. Sababu yake ni kwamba G1 anapozoa sehemu changa ya pipa, kinachomgharimu zaidi ni vitu vilivyo hai anavyovihamisha. Taka anaiacha nyuma na kufuta eneo zima. Vilivyo hai havikuongezeka kwa kuongeza pipa. Kilichobadilika ni kwamba mfuko ulibaki na 0.2, na nilipofungua Excel juu ya gemu, taa ya diski ikaanza kuwaka. GB 4 hazikumpa chalii kitu anachokiona, zikamnyang'anya mama kitu anachokiona. Nikarudi 3.

Kuna wanaokwama kabla hata ya kufika huku. Mteja mwingine kutoka Usa River aliandika 4G na Java ikagoma kuwaka, ikidai ukubwa huo hauwezekani. Alikuwa anatumia lancha isiyo rasmi inayochukua Java iliyomo kwenye mashine, na iliyomo ilikuwa ya biti 32, ambayo kwenye Windows haivuki sana GB 1.5 za pipa hata mashine iwe na RAM kiasi gani. Mstari wa F3 unaotaja Java unaonyesha biti ngapi. Angalia hapo kwanza.

Kuhusu yale ambayo RAM haikuyaponya. Akipaa haraka kwenda ardhi mpya gemu bado linasitasita, kwa sababu ulimwengu unaumbwa hapohapo na viini viwili vya prosesa vina kikomo chake. Faili la uzoaji halionyeshi chochote wakati huo, na hiyo ndiyo dalili kwamba ugonjwa uko kwingine. Umeme ukikatika, laptopu ikahamia kwenye betri, prosesa inajipunguza kasi na fremu zinashuka karibu nusu. Hakuna Xmx ya kutibu giza.

Mama alipokuja kuchukua, nilimrudishia hela ya feni ingawa feni kweli ilikuwa chafu. Akauliza kama anunue RAM. Swali hilo nililifikiria zaidi kuliko mengine. Kijiti cha pili kingemsaidia chalii mara mbili, kwa ukubwa na kwa njia, maana vijiti viwili vinafungua njia mbili za kupitishia data na michoro ya Intel inayochota kwenye RAM inafaidika sana na hilo. Lakini mwenye laptopu ni mama, na kwa kazi zake SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, badala ya ile diski ya kuzunguka ingebadilisha kila kitu, kuanzia kuwaka hadi kufungua faili. Nikamwambia SSD kwanza. Chalii alikuwa amesimama nyuma yake; alinikodolea macho kama mtu aliyesalitiwa na timu yake.

Nilisahau kitu kimoja: kufuta ile hoja ya kuandika uzoaji. Wiki mbili baadaye alipoleta mashine kufungiwa SSD nikakuta mafaili 11 kwenye folda ya gemu, kila moja na tarehe yake. Nikayapitia yote nikiwa nasubiri diski inakiliwe. Katika mafaili 10, kusimama kwa muda mrefu kuliko kote kulikuwa milisekunde 61. Kwenye faili la Jumapili moja jioni kulikuwa na mstari wa 1,412, na chini yake User=0.06s, Real=1.41s. Dalili zilezile za stoo, kwenye mpangilio ambao niliuamini.

Nikamuuliza siku hiyo kulitokea nini. Akafikiri.

"Jumapili? Mama alitaka kuandika michango. Nikamwekea gemu chini, nikampisha. Alipomaliza nikaendelea."

"Ulilifunga?"

"Nililishusha chini tu, kaka."

Nikafuta ile hoja ya kuandika, nikaacha 3G palepale, nikafunga skrubu za mfuniko.